Nikiandika nilichokosea uwanjani, si najichongea mwenyewe?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Isevya, Tabora, anafanya kazi ya mizigo na kupokea ndege kwenye kiwanja ambacho tumekubaliana nisikitaje. Nimelifupisha na vitu vidogo nimebadilisha asijulikane:

"Shikamoo mzee. Nipo mwaka wa pili kwenye kazi za eproni, pale ndege zinapoegeshwa. Juzi jioni ndege ya propela imeingia imechelewa, tulikuwa wawili badala ya wanne, nikaitwa kufungua mlango wa mizigo kabla sijapanga koni za kuzuia abiria. Mama mmoja kashuka na mtoto mgongoni, akawaona ndugu zake kwenye uzio, akakatiza chini ya bawa kuwafuata. Propela ya upande ule ilikuwa imeshazimwa ila haijasimama. Nilikimbia nikamvuta kwa kanga. Hakuumia mtu. Supavaiza akasema Mungu mkubwa, haya yaishie hapa hapa. Ofisini kuna fomu za kuripoti kwa hiari lakini sijawahi kuona mtu anajaza. Nikijaza si najichongea mwenyewe, maana koni ni kazi yangu? Na kuna faida gani kuripoti kitu ambacho hakikutokea?"

Marahaba mwanangu. Kwanza pole, na hongera kwa mkono wako kuwahi. Nimeisoma barua yako mara mbili hapa barazani Ujiji na kila nikifika pale kwenye kanga nasimama, maana nimefanya kazi jirani na propela zaidi ya miaka 30 na najua kitu kimoja ambacho abiria hawezi kujua, propela ikizunguka haionekani. Inakuwa kama ukungu tu, na jioni jua likishainama hata huo ukungu haupo, ndo maana ncha zake zinapakwa mistari ya rangi kali ili jicho lipate angalau duara la kushika, na hata hiyo rangi inamsaidia mtu aliyeangalia propela, sio mama aliyemwona dada yake kwenye uzio baada ya mwaka mzima.

Sasa nianze na neno lako la mwisho, "kitu ambacho hakikutokea". Kimetokea. Abiria ameingia eneo la propela inayozunguka, hilo limetokea, koni hazikuwepo, limetokea, watu wanne wamekuwa wawili, limetokea. Kilichokosekana ni damu peke yake, na damu haikukosekana kwa sababu ya utaratibu wenu, imekosekana kwa sababu wewe siku hiyo uligeuza shingo upande sahihi. Kesho mama mwingine atashuka na wewe utakuwa umeinama kwenye mlango wa mizigo.

Nikueleze yangu, maana nisingependa kukufundisha kama mtu ambaye hajawahi kusimama hapo ulipo. Mwaka 1993 nilikuwa fundi wa ndege mahali fulani, hakuna haja ya kupataja. Jioni moja tumekagua sehemu ya mkia ya ndege ndogo ya injini mbili, ile nafasi ya ndani zinapopita waya zinazovuta usukani wa kupandisha na kushusha ndege, pafinyu, giza, unaingia nusu mwili na tochi mkononi. Nikamaliza nikafunga kifuniko, nikasaini, nikaenda nyumbani. Saa 3 usiku umeme ukakatika mtaani, nikapeleka mkono mfuko wa ovaroli kutafuta tochi yangu, hakuna. Nilikaa kitandani kama dakika 1 nikiwa sipumui vizuri, halafu nikachukua baiskeli. Mlinzi ananijua akanifungulia, nikafungua kile kifuniko kwa mwanga wa taa yake ya chemli, na tochi yangu ipo pale, imelala kati ya pulei na ukuta, nikauvuta waya kwa kidole taratibu nikaona unaifikia kabisa. Ndege ile ilikuwa inaondoka alfajiri.

Nikaichukua, nikafunga, nikarudi kulala. Sikumwambia mtu. Nilijiambia mambo yale yale uliyoambiwa wewe, Mungu mkubwa, yaishie hapa hapa.

Baada ya miezi 5 mwenzangu wa shifti nyingine akasahau bisibisi nafasi ile ile, ndege ikaruka nayo, marubani wakahisi usukani mzito wakati wanapanda wakageuza wakarudi wakatua salama. Mwenzangu akafukuzwa. Na kwenye kikao nilikuwepo, wakubwa wanauliza hii imewezekanaje wakati zana zote zinahesabiwa kwenye ubao mwisho wa shifti, mimi nalijua jibu, bisibisi ile ilikuwa yake mwenyewe kanunua sokoni kama tochi yangu ilivyokuwa yangu, na ubao ulihesabu zana za kampuni tu, za mfukoni hakuna aliyezihesabu. Nikanyamaza mara ya pili. Kama ningesema mara ya kwanza, kwa karatasi moja tu yenye mistari sita, utaratibu ungebadilika na yule bwana asingepoteza kazi, na wale abiria wasingeruka na bisibisi kwenye mkia. Hilo ndo linanifanya nijibu maswali kama lako mpaka leo.

Sasa uone hii sio habari ya mafundi wawili wa hapa kwetu tu. Mfumo mzima wa dunia wa kuripoti kwa hiari umezaliwa na hadithi ya namna hii hii, ila yenyewe ilikuwa na makaburi. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA, kampuni ya Marekani, safari namba 514, Boeing 727, ilikuwa inakwenda Washington, upepo kwenye uwanja waliopangiwa ukawa mbaya wakapelekwa uwanja mwingine wa karibu, Dulles. Muongoza ndege akawapa ruhusa ya kuja kutua. Rubani akaelewa kwamba akishapewa ruhusa ile anaweza kushuka mpaka futi 1,800, muongoza ndege naye akaelewa kwamba rubani ndo ataangalia kwenye ramani yake wapi pana mlima na atashuka kwa kufuata hiyo. Yaani kila mmoja aliamini mwenzake ndo anaulinda ule mlima. Mle ndani ya chumba cha marubani walikuwa wanaijadili ile ramani kabisa, sauti zao zilibaki kwenye kinasa sauti, walikuwa na wasiwasi lakini ruhusa si wamepewa. Ndege ikagonga mlima unaoitwa Mount Weather, Virginia, wakafa wote 92.

Sasa sikiliza hili. Wiki 6 kabla, ndege ya kampuni nyingine, United, ilikuja njia hiyo hiyo, ikapewa ruhusa ya namna hiyo hiyo, marubani wakaielewa vile vile, wakapita juu ya mlima huo huo wakanusurika padogo sana. Na waliripoti! Kampuni yao ilikuwa imeshaanzisha utaratibu wa ndani wa mtu kusema alichokosea bila kuadhibiwa, kwahiyo wakasema, na kampuni ikawaonya marubani wake wote kuhusu ile njia. Marubani wake. Taarifa ikaishia kwenye geti la kampuni, haikufika TWA. Watu 92 wamekufa kwa somo ambalo watu wengine walikuwa wameshalijua kwa wiki 6.

Hilo liliwauma wachunguzi kuliko mlima wenyewe. Mwaka 1975 FAA, yaani mamlaka ya anga ya Marekani, wakatangaza mpango wa marubani na waongoza ndege kuripoti kwa hiari, na ripoti zikawa chache sana, na ukifikiri vizuri utaona sababu, FAA ndo anatoa leseni na FAA ndo anainyang'anya, nani atamwandikia barua mwenye kisu akimwonyesha shingo ilipo? Hapo ndo likaja wazo ambalo mimi naliona ni la busara kuliko mengi niliyoyaona kwenye kazi hii: barua zisiende kwa FAA, ziende kwa NASA. Ndio hao hao wa roketi. NASA hana leseni ya mtu, hana faini, hana uwezo wa kumfukuza yeyote, yeye atasoma tu, atachambua, na atatoa onyo. Aprili 1976 wakaanza, mfumo unaitwa ASRS, na upo mpaka leo, umeshapokea ripoti zaidi ya milioni 1.5.

Namna walivyoilinda siri ya mtu nakuomba uielewe vizuri maana jibu la swali lako la kwanza limo humu. Ile fomu juu ina kipande chenye jina, anwani na simu yako. Ripoti ikifika inasomwa na watu wanaoijua kazi, wengi ni marubani wastaafu, waongoza ndege wastaafu, mafundi wastaafu, wakiwa na swali wanakupigia. Wakishamaliza, kile kipande cha juu kinakatwa, kinapigwa muhuri wa tarehe na kurudishwa kwako kwa posta, wao hawabaki na nakala. Kwenye ripoti yenyewe wanafuta kila kinachoweza kukutaja, jina la kampuni, tarehe kamili, namba ya safari. Hata akija mtu na nguvu zake kudai jina, jina halipo. Na kile kipande kilichorudi kwako ni ngao yako, maana sheria yao inasema kama ulivunja kanuni bila kukusudia na uliripoti ndani ya siku 10, hata FAA wakikugundua kwa njia nyingine, kosa linaweza kuandikwa lakini adhabu haitolewi. Kuna masharti, ntayafikia.

Waingereza wakafuata 1982 na mfumo wao unaitwa CHIRP. Wadenmark ndo wananifurahisha zaidi. Wao mpaka mwaka 2000 waongoza ndege wao walikuwa karibu hawaripoti kitu, maana ukiripoti uliadhibiwa na gazeti likapata jina lako. Mwaka 2001 bunge lao likapitisha sheria, anayeripoti mwenyewe haadhibiwi na ripoti yake haitolewi kwa mtu wa nje, na mwaka wa kwanza tu ripoti za waongoza ndege zikapita 900. Sasa mtu asiyejua angesema anga la Denmark limeharibika ghafla. Hapana, anga ni lile lile, kilichobadilika ni midomo kufunguka. Kwahiyo siku utakaposikia meneja anajisifu kwamba kituo chake hakijawa na ripoti hata moja mwaka mzima, wewe usifurahi naye. Kituo cha namna hiyo mimi kinanitia hofu.

Turudi nyumbani. Tanzania ni mwanachama wa ICAO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na ICAO wana kiambatisho kinaitwa cha 19, kilianza kutumika Novemba 2013, kinazitaka nchi ziwe na kuripoti kwa lazima na pia kuripoti kwa hiari, na hiyo ya hiari isiwe ya kuadhibu na ilinde aliyesema. Kampuni za ndege, karakana, waongoza ndege, viwanja vyenye cheti, wote wanatakiwa wawe na mfumo wa kusimamia usalama, na ile fomu uliyoiona ofisini kwenu imetokea huko, haikuwekwa pambo. Mamlaka yetu ya anga ni TCAA, ipo tangu 2003. Kwa maana hiyo hata kama ofisini kwenu kila mtu anaiona fomu ni karatasi ya kufungia maandazi, haki ya kuijaza unayo.

Ila sitakudanganya kwamba hapa kwetu ni rahisi kama kule. Tatizo la viwanja vyetu ni udogo. Kwenye uwanja wenye ndege mia kwa siku ukifuta jina na tarehe umeshamficha mtu, lakini kwenye kituo chenye ndege moja au mbili kwa siku, ukiandika tu "mama mwenye mtoto, ndege ya jioni, imechelewa", wote hadi muuza chai wa getini wanajua ni siku gani na nani alikuwa zamu, na mwandiko wako wanaujua, na sanduku la fomu ufunguo anao supavaiza yule yule. Hapo wengi wanakimbilia kuandika bila jina. Sikukatazi, ripoti isiyo na jina ni bora kuliko ukimya, lakini ujue udhaifu wake, hakuna wa kumpigia kumuuliza koni zilikuwa wapi na taa za eproni zilikuwa zinawaka au la, na ripoti isiyoulizika mara nyingi inakufa mezani. Bila jina ni kitu kimoja na kwa siri ni kitu kingine. Kwa siri maana yake jina lipo, ila analo mtu mmoja ambaye hana sababu ya kulitumia dhidi yako.

Kwahiyo mimi ningekuwa wewe nisingetumia lile sanduku. Kila kampuni yenye huo mfumo ina mtu wa usalama makao makuu, sio bosi wako wa kituo, mtafute huyo, muandikie moja kwa moja, na mstari wa kwanza kabisa umwambie unaomba jina lako lisishuke kituoni. Ukiona huko nako hakueleweki, ipo mamlaka. Na kabla hujatuma muulize swali moja la kawaida tu, ripoti ya mwisho aliyopokea ilibadilisha nini. Mtu anayefanya kazi yake atakujibu kwa mfano, atakwambia tulihamisha taa, tuliongeza mtu zamu ya usiku. Asiyefanya atakujibu kwa maneno ya kwenye bango.

Kuhusu kujichongea. Kuchongea, mwanangu, ni kumpelekea mkubwa habari za mtu ili aumizwe. Ripoti nzuri haiulizi nani, inauliza ilikuwaje. Ukiandika "nilisahau koni" umejichongea kweli, na tena hujamsaidia mtu, maana anayesoma ataandika "mhusika aonywe awe makini" na faili litafungwa, na kesho mwingine atasahau. Umakini hauongezwi kwa barua ya onyo. Lakini wewe hukusahau, soma barua yako mwenyewe, umesema uliitwa kufungua mlango wa mizigo kabla hujamaliza. Aliyekuita alikuwa na haraka kwa sababu ndege imechelewa. Ndege ikichelewa kuna mtu anapiga simu kuuliza kwa nini. Wawili mlikuwa mnafanya kazi ya wanne. Na abiria waliruhusiwa kushuka propela ikiwa haijasimama, hilo sio la kwako kabisa, ni la aliyefungua mlango na aliyempa ishara, na hao nao huenda walikuwa wanaamini koni zipo maana siku zote zinakuwepo. Umeona sasa inavyofanana na ule mlima? Kila mmoja anaamini mwenzake analinda.

Andika hivyo. Andika usiku huu huu kabla hamjakaa tena kupiga stori na wenzako, kwa sababu stori ikishasimuliwa mara tatu inajinyoosha yenyewe, vile vitu vya pembeni ambavyo ndo dawa vinapotea. Anza na hali ilivyokuwa kabla: saa ngapi, mwanga, upepo, mlikuwa wangapi na mlitakiwa kuwa wangapi, ulikuwa na saa ngapi kazini. Halafu mtiririko, wewe ulikuwa wapi ndege inasimama, nani alikuita kwa cheo chake sio kwa jina lake, koni zilikuwa zimehifadhiwa wapi, maana kama zinakaa stoo mita 60 kutoka hapo hilo peke yake ni jambo. Mlango ulifunguliwa lini. Yule mama alitembea hatua ngapi kabla hujamwona. Kitu gani kilimvuta upande ule, na hapa nisikilize kwa makini, uzio wa ndugu kusubiri upo upande gani wa ndege? Kama ndugu wanasimama mahali ambapo njia fupi kuwafikia inapita chini ya bawa, basi kila siku mnawavuta abiria kuelekea kwenye propela na koni zinafanya kazi ya kupambana na mapenzi ya watu. Abiria wetu wengi wa Kigoma na Tabora wanapokelewa na ukoo mzima, mtu anatoka Dar matibabuni, mtu anarudi na maiti, mtu anamleta mtoto aonekane na bibi yake mara ya kwanza, huwezi kumwambia huyo asiangalie uzio. Utaratibu upangwe kwa kuwajua watu hao. Na hilo hakuna mkaguzi wa kutoka mbali atakayeliona, unaliona wewe unayesimama pale kila jioni.

Mwisho andika kilichookoa. Watu wanasahau hiki. Umeandika "nilikimbia nikamvuta kwa kanga", andika na kwa nini uligeuka, ulisikia kitu, mtu alipiga kelele, au ilikuwa bahati tu. Kama ilikuwa bahati sema bahati, neno hilo linamwamsha msomaji mwenye akili kuliko kurasa kumi.

Sasa yale masharti. Sio kila kitu kinaingia kwenye ngao ya kuripoti kwa hiari, na mtu akikuambia ukishajaza fomu umesamehewa kila kitu anakudanganya. Kule kwa NASA penyewe ngao haifuniki jinai, haifuniki ajali, haifuniki aliyefanya kwa makusudi. Mtu aliyekuja kazini amelewa, aliyesaini kazi ambayo hakuifanya huku anajua, huyo sio wa fomu ya hiari na mimi simtetei. Ajali nayo ina njia yake ya lazima. Ile ya Novemba 6, 2022 pale Bukoba, ndege iliingia ziwani na watu 43, wakafa 19, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, jambo kama lile linachunguzwa kwa sheria, halingoji hiari ya mtu.

Na kuna moja nataka uishike kuliko zote. Kitu ambacho ndege itaruka nacho hakisubiri fomu. Toroli limegusa ubavu wa ndege, hata kama unaona ni rangi tu imekwaruka, unaenda kwa fundi au kwa kapteni muda huo huo ngazi ikiwa bado ipo mlangoni, unamwambia kwa mdomo, "kapteni, toroli limegusa hapa", hata kama supavaiza anakukazia macho na ndege imechelewa saa mbili. Ganda la ndege linashikilia hewa ya ndani huko juu, mbonyeo unaoonekana mdogo nje unaweza kuwa umevunja kitu ndani ambacho wewe na mimi hatukioni kwa macho. Fomu utajaza baadaye. Ya kwako ya juzi inaweza kwenda kwa fomu kwa sababu ndege ile haikubeba madhara yoyote kuondoka nayo, hatari ilibaki pale pale chini, inasubiri ndege inayofuata.

Supavaiza wako usimchukie. Anaposema yaishie hapa hapa anakulinda kwa namna anayoijua, yeye amekulia kwenye kazi ambayo anayesema ndo anayeumia, kama mimi nilivyokulia. Jioni huku Kibirizi nawaona wavuvi wa dagaa wanavyotoka, hawa ni washindani, wanagombea samaki hao hao na wateja hao hao, lakini aliyerudi alfajiri na upepo mbaya hawezi kupanda nchi kavu akanyamaza, atasema upepo ulianza upande gani na saa ngapi, hata kama ni yeye mwenyewe alifanya ujinga wa kutoka wakati wingu limeshakaa. Hakuna anayemcheka kwa sababu kila mmoja kesho ni zamu yake. Mimi nikiwaangalia nakumbuka ile tochi.

Ukimpata supavaiza akiwa ametulia mweleze unakusudia kuandika na umwambie hutataja majina, kuna wakati watu wa namna hiyo wanakushangaza wanakuambia andika na kuhusu ile taa ya pembeni imeungua miezi mitatu. Ukiona hapana, andika kimya kimya, nakala moja baki nayo na andika tarehe uliyotuma.

Na wakati unasubiri majibu usisubiri majibu kufanya hili: kesho koni zitoke stoo mapema kabla ndege haijagusa ardhi, ziwe kwenye kigari chako. Mmoja wenu wawili asifungue mlango wa mizigo mpaka propela zote mbili zimesimama kabisa, asimame ncha ya bawa ameangalia ngazi, mikono wazi, mizigo itachelewa dakika tatu, wacha ichelewe. Wakikuuliza kwa nini, waambie juzi kulikuwa na mama na mtoto.